Tope Lililofunzwa Kupumzika

Kwa miaka kumi na mmoja Mbeyu Karisa alisema uongo kila siku ya nne, na wala hakukosa usingizi kwa ajili yake. Ulikuwa uongo wa kidole gumba tu. Kila asubuhi kibao cha mradi, kilichofungwa ukutani mwa kibanda chake juu ya tuta la Matopeni, kiliuliza kwa sauti yenye adabu nyingi: "Lango limefunguliwa?" Naye Mbeyu alibonyeza ndiyo. Siku tatu alibonyeza akiwa kweli ametoka kuzungusha gurudumu la lango, viganja vinamuuma, maji ya bahari yakiingia majarubani kwa kishindo. Siku ya nne alibonyeza akiwa bado na leso ya kulalia, kisha akarudi kuinjika chai.

Siku ya nne ni Jumwa. Watu wa Matopeni wanahesabu juma la siku nne kama walivyohesabu mababu zao, na siku ya Jumwa udongo hauguswi, iwe kwa jembe, iwe kwa lango. Enzi za kampuni ya chumvi, nyanya zao waligoma miezi mitatu, wakala majani na kaa, mpaka wakapewa Jumwa yao. Baadaye kampuni ikafa, bahari ikapanda kimo cha goti, majaruba ya chumvi yakabaki meupe na makavu, hata inzi hatui. Jumwa haikufa. Sasa mtu atoke Nairobi aseme ati tope haliwezi kungoja siku moja? Thubutu!

Asubuhi moja ya Septemba, Injinia Awino alipanda tuta akiwa ameshika kioo chake cha vipimo kifuani, uso umemsawijika. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, mpole, mwenye mazoea ya kuomba radhi kabla hajakosea. Leo hakuomba radhi.

"Mama Mbeyu," alisema, "hili tope lako lina ugonjwa."

"Ugonjwa gani tena? Si juzi tu ulikuwa ukilisifu?"

"Nililisifu kabla sijaangalia gundi." Akachuchumaa ukingoni mwa jaruba, akakwangua kwa ukucha ule utando wa kijani uliofunika tope. "Unajua kazi ya utando huu. Vidudu hivi tumeviumba maabara vidake vumbi la udongo linaloelea majini, vilishikamanishe kwa gundi yao, tope lipande kila mwaka kuliko bahari inavyopanda. Na tumevipa kumbukumbu. Vinahesabu maji. Ukivifungulia lango kwa mpangilio fulani, vinaushika mpangilio huo, hata ukiondoka vitaendelea nao."

"Hayo ulinieleza."

"Basi nieleze wewe hili." Akamgeuzia kioo. Mstari ulipanda na kushuka, vilima vitatu na shimo, vilima vitatu na shimo, tangu mwanzo wa mradi mpaka jana. "Siku tatu vinatoa gundi. Siku ya nne vinazima, sifuri kabisa. Miaka yote tulidhani ni kipimo kibovu, maana chumvi ya hapa imekula kila chuma tulichofunga. Wiki iliyopita nikaleta kipimo cha kioo kitupu. Jibu ni lile lile. Na majaruba ya kaskazini, yale yanayofunguliwa na mashine, hayana shimo hata moja."

Mbeyu aliutazama ule mstari. Hakuhitaji kuwa injinia kuusoma. Pale kwenye kila shimo alijiona mwenyewe na birika lake la chai.

"Nimehesabu," Awino aliendelea. "Tarehe ishirini na tatu ndiyo bamvua kubwa la mwaka, maji yanapojaa kuliko siku zote. Mkataba unasema tope lazima liistahimili siku hiyo ukuta wa kuzuia bahari ukiwa umebomolewa. Likiistahimili, hati ya eka mia nane inatoka kwa jina la Matopeni. Lisipoistahimili, ardhi inarudi kwa warithi wa kampuni, na unajua wao wanataka kuimwagia saruji wajenge bandari. Sasa tarehe ishirini na tatu ni siku ya kuzima, Mama. Bahari itakuja na nguvu zake zote na tope halitakuwa na gundi hata tone. Litakombwa. Na nyuma ya tope ni nyumba zenu."

Tarehe ishirini na tatu ilikuwa Jumwa. Mbeyu alilijua hilo kabla injinia hajamaliza sentensi.

"Dawa ipo?" aliuliza.

"Ipo. Nitasimika taa juu ya tuta lote, zimulike mara moja mwanga mkali wa zambarau. Vidudu vitasahau kila kitu, vianze upya kutoa gundi mchana na usiku bila kupumzika. Tope litakuwa gumu kama la kaskazini. Nahitaji idhini ya kidole chako tu, kwa sababu wewe ndiye mlinzi wa lango."

Mbeyu aligeuka akatazama kaskazini. Majaruba ya mashine yalikuwa bapa na magumu, safi kama sakafu ya zahanati. Hakuna kilichoota hapo, na ndege aliyetua alitembea kidogo, akadonoa mara mbili, akaruka zake. Upande wake, majani manene ya chumvi yalikuwa yamejaa tele, miche ya mikoko ya mchu imefika kiunoni, kaa wanaingia na kutoka mashimoni kama wana kesi mahakamani, na ndege yangeyange wamesimama kila mahali, weupe pe.

"Hawa watakuwaje?"

Awino alijifuta ukucha kwenye suruali. "Gundi itaziba mashimo yote," alisema. "Mizizi itakosa hewa. Nasikitika, Mama. Lakini watu watakuwa salama."

"Nipe mpaka kesho," Mbeyu alisema.

*

Mwenyekiti wa kijiji, Kitsao, alikuwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe. Naye pia alikuwa amefiwa na mkewe, na wote wawili walikuwa wamezoea kugombana kila Jumwa ili siku ipite. Mbeyu alimkuta amekalia mbuzi uani, akikuna nazi. Alimweleza yote bila kuvuta pumzi.

Kitsao aliacha kukuna. Kisha, jambo ambalo Mbeyu hakulitegemea, akaanza kucheka, tena kicheko cha kutikisa mabega.

"Ati tope limeshika Jumwa? Kampuni nzima ilishindwa na sisi, na leo tumelisilimisha tope!"

"Shemeji, hili si la kucheka."

"Mimi naona ni la kushukuru." Akafuta machozi kwa mkono wenye machicha. "Sikiliza, dada. Anataka kufuta? Mwache afute. Tope likisahau, na uongo wetu si umekwenda nalo? Nani atakuja kuuliza siku ya nne? Hati tunapata, nyumba zinabaki, na wewe jina lako linabaki safi. Ukienda kusema, wale watu watafungua mkataba ukurasa wa kwanza: lango lifunguliwe kila siku. Kila siku! Wewe umebonyeza ndiyo mara ngapi?"

"Elfu moja na nne. Nimepiga hesabu njiani."

"Basi nenda kabonyeze mara moja zaidi ukalale."

Mbeyu alivuta kigoda akaketi. Na tuseme ukweli, alishawishika. Alikuwa na miaka hamsini na sita, goti moja bovu, na maisha yake yote alikuwa akiishi juu ya ardhi ya mtu mwingine. Kidole kimoja tu, na Matopeni ingekuwa na hati. Nani angemlaumu? Yangeyange?

Lakini aliona mbele ya macho yake gundi ikiziba shimo moja baada ya jingine, na kaa ndani, na yeye ndiye kabonyeza. Aliona aibu, aibu ya kweli, iliyompanda mpaka masikioni. Vile vidudu vilikuwa vimemwamini. Alivifunza kupumzika vikapumzika, na sasa avichomee macho ili asiumbuke.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kuua kitu ili nifiche uongo wangu. Itisha baraza, Kitsao, la sivyo nitaliitisha mwenyewe."

Kitsao akarudia nazi yake kwa hasira, machicha yakiruka huku na huku. "Kaka yangu alioa jiwe," alinung'unika. Lakini jioni baragumu la baraza lilipigwa.

*

Walikutana katika ghala la zamani la chumvi, watu mia tatu na zaidi chini ya mabati yaliyoliwa na kutu. Mbeyu alisimama mbele yao na mbele ya Awino, akasema. Hakupamba. Alisema kwamba lango halikufunguliwa hata Jumwa moja, kwamba tope haliumwi bali limefunzwa, na kwamba mwalimu wake ni yeye.

Awino aliinuka pole pole. "Miaka kumi na mmoja?" Akamwelekezea Mbeyu kidole. "Mama Mbeyu, nimekesha wiki nzima nikitafuta kosa langu! Nimeandikia maabara kwamba nimeumba kitu kibovu. Na wewe ulikuwa ukinipa chai!"

"Nilikosa, mwanangu. Nisamehe."

"Sijui kama nitakusamehe. Siyo leo." Akatoka nje, na baraza lote likasikia buti zake zikishuka tuta, kisha zikiingia tope, chwapu, chwapu, chwapu.

Hakuna aliyethubutu kumfuata isipokuwa Mbeyu. Alimkuta amepiga magoti katikati ya jaruba, mkono umezama mpaka bega, anavuta. Kilichotoka kilikuwa bonge la tope lenye mizizi iliyosukana hivi na hivi, nyeupe na nyekundu, na katikati yake njia za kaa zilizonyooka kama mabomba. Awino alilitikisa. Halikuvunjika. Akaliosha dimbwini mpaka utando na gundi vikatoka. Bonge likabaki vile vile.

"Kaskazini ukiosha gundi, unabaki na maji machafu," alisema, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Siku zote nilijiuliza kwa nini huku kunaota na kule hakuoti. Mbegu ni zile zile, bahari ni ile ile." Akainua uso, una tope mpaka nyusi. "Ni siku ya nne, Mama. Gundi ikikatika, tope linalainika. Mbegu inapata pa kuzama, kaa anapata pa kuchimba. Kesho yake gundi inarudi, inawakuta wameshaingia."

"Kwa hiyo mizizi inaweza kulishika? Hata bahari ikija siku ya Jumwa?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kupima, kwa sababu hakuna duniani waliowahi kuwa wakaidi kama nyinyi."

Walirudi ghalani wakiwa wamechafuka wote wawili. Awino aliwaeleza watu bila kuwaficha kitu. Wakifuta, tope litashika kwa hakika, lakini litakuwa ukuta tu, si makazi ya kiumbe yeyote. Wasipofuta, huenda likashika, huenda likaenda na ardhi na nyumba zao. Na vyovyote itakavyokuwa, yeye ataandika ukweli wote katika ripoti, pamoja na zile elfu moja na nne.

Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe aliyesimama alikuwa Kitsao, ambaye hakuna aliyemtegemea.

"Mimi nilitaka tufute," alisema. "Nilitaka kwa uoga. Lakini nauliza: hati ya nini? Ya sakafu? Sakafu tulikuwa nayo wakati wa kampuni, ilikuwa nyeupe na ikatutoa macho. Mimi nimewaona kamba wakirudi humu. Nimeona heroe, wale ndege wa waridi ambao mama yangu alikufa akiwasimulia tu. Mwenye kutaka kufuta ainue mkono."

Mikono ilikuwa michache, nayo ikashuka mmoja mmoja.

Wakakubaliana hivi. Ukuta utabomolewa siku tatu kabla, siku ya Kwaluka, juma la siku nne linapoanza, ili tope liionje bahari kidogo kidogo. Taa zitasimikwa hata hivyo. Siku ya Jumwa watoto na wagonjwa watapelekwa shuleni mlimani, na Mbeyu atakaa kando ya Awino na kidole chake tayari. Mambo yakiharibika, watamulika tope waokoe nyumba, basi.

*

Siku ya Kwaluka, saa nane mchana, walibomoa ukuta kwa majembe na sururu. Wanawake waliokuwa vibarua wa chumvi walikata tuta kwa namna ambayo hakuna mashine iliyoweza, wakifuata mishipa ya zamani ya maji ambayo nyanya zao waliizuia kwa mikono yao wenyewe. Jembe la mwisho lilikuwa la Mbeyu. Maji yalipenya, yakasita, yakapanua pengo, yakaingia yakiwa na povu na samaki wadogo ndani yake. Watu walipiga vigelegele mpaka Awino akaziba masikio, huku anacheka.

Siku ya pili tope lilimeza vumbi lote la udongo lililoletwa na bahari, likapanda unene wa ukucha. Siku ya tatu likapanda tena. Kioo kilionyesha gundi tele.

Alfajiri ya Jumwa gundi ilianza kushuka. Maji ya alfajiri yalipita salama, kwa kuwa mabaki ya gundi ya jana yalikuwa bado yana nguvu. Saa sita mchana kioo kilisoma sifuri. Vidudu vilikuwa vimelala, kila kimoja, eka mia nane za usingizi, na bahari ilikuwa inakuja.

Mbeyu na Awino walikaa juu ya tuta, sanduku la taa katikati yao. Saa tisa maji yalifika kwenye majani. Saa tisa na nusu yaliyafunika. Saa kumi kasoro robo hapakuwa na jaruba wala mfereji, ila bahari tupu ya rangi ya chai ya maziwa, inayovuta na kusukuma, na juu yake ncha za miche ya mchu zikitikisika.

"Ile rangi," Awino alisema, akielekeza kidole majini. "Hilo ni tope linatoka."

"Au ni lile linaloingia?"

"Sijui, Mama! Siwezi kujua!"

Ndipo ukingo wa kusini ulipokatika. Walisikia kwanza, kishindo kizito, kisha wakaona kipande kikubwa kama nyumba kimemeguka na kuinamia mkondo, maji yakichemka pande zote. Awino alifungua sanduku.

"Kidole, Mama Mbeyu. Nipe idhini. Tukimulika sasa, kabla ya robo saa gundi itakuwa imerudi."

Mbeyu aliinua kidole. Alikiinua kweli, asije mtu baadaye akasema alikuwa shujaa asiyeogopa. Aliona paa la nyumba yake nyuma, aliona mashuka ya Kitsao kwenye kamba. Kidole kilikuwa upana wa nywele tu kutoka kwenye kioo cha sanduku.

Lakini macho yake hayakutoka kwenye kile kipande. Kilikuwa kimeinama, ndiyo. Kilikuwa kinavutwa. Lakini hakikwenda. Kati yake na ukingo mizizi ilikuwa imekazana, mamia kwa mamia, na kila wimbi lililokisukuma nje, mizizi ilikirudisha.

"Tazama," alisema.

"Mama, muda!"

"Tazama, Awino! Kimeshikwa."

Awino alitazama. Walihesabu mawimbi pamoja, kwa sauti, kama watoto. Kumi. Ishirini. Arubaini. Kipande kikazama kidogo, kikajikalisha kwenye kitako chake kipya, na maji yakaanza kukipita pembeni kana kwamba mkondo umeamua hapo ndipo patakuwa kona yake. Mbeyu alishusha kidole chake, akakifumbata katika kiganja cha pili, akalia bila kujificha.

Jua lilipoelekea kutua, bahari iliondoka. Ilirudi kwa mifereji yake yote, ikivuma, na nyuma yake ikaacha tope: pana, linang'aa, limepanda, limejaa majani yaliyolala upande mmoja kama nywele zilizotoka kuchanwa. Kioo bado kilisoma sifuri. Lilikuwa limelala kutwa nzima ya bamvua kubwa na halikwenda popote.

Heroe walifika wakati huo, na hawakuwa kumi wala ishirini. Walishuka mstari baada ya mstari mpaka eka nzima ikageuka waridi, na katikati ya miguu yao chamchanga, vindege wa pwani, wakakimbia huku na huku wakidonoa. Kutoka mlimani watu walianza kuteremka mbio, watoto mbele. Kitsao alikuwa nyuma yao, anachechemea, anapiga kelele ambazo hakuna aliyezielewa.

"Niandike nini?" Awino aliuliza, na yeye pia alikuwa analia.

"Ulisema utaandika kweli."

"Nitaandika kwamba mlinzi wa lango alikiuka mkataba mara elfu moja na nne." Akafuta kamasi kwa mkono. "Na kwamba tope limestahimili kama mkataba ulivyotaka, hati itoke, na majaruba ya kaskazini yaanze kupumzika mara moja."

Mbeyu alivua buti zake, moja, kisha ya pili, akakunja leso mpaka magotini. Hakuna mtu wa Matopeni aliyewahi kuingia humo kwa raha yake. Enzi za kampuni waliingia kwa zamu na wakatoka kwa filimbi. Alishuka. Tope lilimpokea mpaka kwenye goti lile bovu, la baridi, laini, na chini kabisa wayo wake ukakuta mizizi, ikambeba. Alisimama juu ya ardhi yake. Kisha kaa, ambaye yeye naye alikuwa kwake, akamfinya kidole cha mguu, na Mbeyu akaachia ukelele wa furaha uliowainua heroe wote angani.